Mume wa Kiwanja Namba Kumi na Tisa

Namtaja Mungu kwanza, maana habari za hawa wenzetu wasioonekana hazianzwi kwa mdomo mtupu.

Jambo lenyewe lilianza na tangi la maji machafu. Verlene Haskett aliishi peke yake ndani ya gari-nyumba lake, na mtu mmoja asiyefuja maji hulijaza tangi lile kwa siku nane. Siku ya nne tangu aegeshe kwenye kambi yetu, taa nyekundu ikawaka juu ya sinki. Limejaa. Akadhani bomba linavuja. Mwanamke wa miaka sitini na saba akalala chali chini ya gari na tochi mdomoni, akapapasa kila kiungio. Pakavu. Akalimwaga tangi, akalisafisha, akaanza kuhesabu upya. Siku ya nne, taa nyekundu.

Akakaa kitandani akiitazama taa ile. Kulikuwa na mtu mwingine anayenawa humu ndani.

Kambi ya Mesquite Wells iko jangwani, kusini mwa New Mexico. Ni viwanja arobaini vya changarawe, kila kimoja na nguzo yake ya umeme na bomba lake la maji. Kila majira ya baridi wazee wa kaskazini hushuka na magari yao kuikimbia theluji. Mimi nilikuwa msafishaji wa mabafu pale kwa miaka sita, na mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki Verlene alimwambia Mchungaji Stokke, naye akaniambia mimi kwa sababu hakuweza kuyabeba peke yake.

Verlene aliendesha basi la shule North Dakota miaka thelathini. Mumewe Orrin alipofariki, akauza nyumba, akanunua gari-nyumba. Binti yake wa pekee, Joleen, anayeishi Kansas na mume na watoto wawili, hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

"Msimu huu mmoja tu, mama," Joleen alimwambia. "Likikutokea tatizo hata moja, gari linauzwa, unakuja kukaa chumba cha nyuma hapa kwetu."

"Na nisipopata tatizo?"

"Basi sitafungua mdomo tena."

Wakapeana mikono. Kwa hiyo Verlene alikuwa anatafuta kitu kimoja tu duniani: majira ya baridi yasiyo na tatizo. Na tatizo lilimfuata wiki ya kwanza tu, kwenye maegesho ya barabara kuu, pale mkono usiojulikana ulipojaribu kitasa cha mlango wake taratibu, mara tatu, yeye akiwa ndani ameziba mdomo kwa mto. Hakumwambia Joleen. Akawaambia wanawake wenzake wa barabarani, nao wakamcheka kwa upendo.

"Wee Verlene, huna viatu?"

Wanawake wanaosafiri peke yao kule wana desturi hiyo. Unatafuta mabuti ya kiume, makubwa, yaliyochakaa maana mapya hayamdanganyi mtu, unayaweka mlangoni. Unaweka kiti cha pili chini ya turubai. Unaweka bakuli kubwa la mbwa hata kama mbwa huna. Akipita mwenye nia mbaya, ahesabu wawili na mbwa, aende zake. Verlene akayapata mabuti yake kwenye duka la mitumba la kanisa moja, makubwa kama sinia. Hayakuwa ya Orrin. Orrin, Mungu amrehemu, alikuwa na miguu ya mtoto wa shule.

Wengine huishia kwenye viatu. Verlene alimpa mwenye viatu jina. Akirudisha gari nyuma kuingia kiwanjani, alipaza sauti, "Walt, hebu tazama upande wa kulia!" Jioni alicheka mwenyewe dirishani, akasema, "Acha wewe, Walt!" Aliweka vikombe viwili mezani, pazia likiwa nusu wazi. Na kwa kuwa mjane hana wa kuzungumza naye, ikafika hata pazia likifungwa aliendelea kuzungumza.

Kwetu tuliambiwa usiite jina la asiyekuwepo, hasa nyikani. Wapo huko wasio na jina, na wanasikiliza.

Hapa ndipo penye kosa langu, nami nalisema nisije nikaulizwa siku nyingine. Asubuhi moja nilikuwa nasukuma ndoo zangu kupita kiwanja namba kumi na tisa. Kwa nyuma ya pazia jepesi nikaona mgongo wa mwanamume mpana, ameketi mezani, kikombe mbele yake. Nikasalimia kama mtu aliyelelewa. "Habari za asubuhi, mzee." Akainua mkono bila kugeuka. Hatua ishirini mbele nikakutana na Verlene anatoka bafuni, taulo kichwani.

"Mzee wako leo kaamka mapema," nikamwambia.

Akatabasamu, kisha tabasamu likabaki usoni peke yake, macho yameliacha. "Ndiyo," akasema. "Walt hapendi kulala sana."

Nikaona vidole vyake vinalikaba taulo. Nikajua. Wallahi nilijua saa ile ile, maana nimezaliwa Pangani na bibi yangu alikuwa akitibu watu waliokaliwa na wasioonekana. Nikaogopa wazee wa pale wasije wakanicheka, wakasema yule msafishaji Mwafrika anaona mizimu. Nikasukuma ndoo zangu. Hata kule kumsalimia kulikuwa kosa: mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumkubali.

Baada ya hapo mambo hayakujificha tena. Mabuti aliyoyaacha na vumbi aliyakuta yanang'aa. Ndani ya gari kukawa na harufu ya rangi ya viatu, na chini yake harufu nyingine, ya ardhi iliyolowa sasa hivi, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tano. Jioni, akiwa anaosha chombo kimoja, alisikia brashi inapiga ngozi huko nje, shwaa, shwaa, bila haraka.

Na kulikuwa na ule mwinamo. Gari la aina ile limekaa juu ya springi. Mtu akikanyaga kingazi cha mlango, linainama kidogo upande huo, kisha linarudi. Verlene aliujua uzito wake mwenyewe kwenye gari lile kama mtu anavyoujua mlio wa kitanda chake. Usiku wa Jumatano alikuwa amejilaza, mlango umefungwa kwa komeo mbili, akahisi gari linainama upande wa mlango, likabaki limeinama muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kupanda kingazi kimoja, kisha likajiweka sawa, na mwinamo ukahamia katikati, ukapita jikoni ambako sahani ziligusana kidogo kabatini, ukapita bafu ambako maji yalifunguliwa na kufungwa, ukaja polepole hadi miguuni pa kitanda, na pale godoro likabonyea upande ambao hakuna aliyelala tangu Orrin azikwe, na Verlene, ambaye alikuwa amefumba macho tangu mwanzo akisoma Baba Yetu bila kufika mwisho wake, akasikia mtu anavuta pumzi kwa raha, kama mtu aliyefika nyumbani.

Alhamisi kambini hula pamoja, kila mtu na chungu chake. Mchungaji Delmar Stokke, mstaafu wa Kilutheri, ndiye aliyekuwa mwenyeji na mwangalizi wa kambi: mzee mrefu mwenye fulana ya rangi ya machungwa na masihara mengi.

"Dada Verlene, pai hii umeitia nini? Dhambi?"

"Siagi, Mchungaji."

"Ni kitu kile kile." Akajiongezea. "Na Walt leo tena hatumwoni? Kina mama wanasema umemfungia ndani kwa kuwa ni mzuri wa sura."

Verlene akamshika mkono wa fulana, akamvuta hadi nyuma ya meza ya vyombo, karibu na pale nilipokuwa namwaga takataka. Akanong'ona, "Hakuna Walt."

"Ameondoka? Pole sana."

"Hajawahi kuwepo. Ni viatu, Mchungaji. Viatu vya mitumba tu."

Mchungaji akaanza kucheka. Kisha akaacha. "Lakini mimi nimeongea naye. Jumanne. Nilileta karatasi za kambi, akaniambia kupitia dirishani kwamba uko bafuni."

Verlene akaishika meza. "Sauti yake ikoje?"

"Kwani wewe hujaisikia?"

"Mimi nasikia akipumua tu."

Mchungaji akaweka sahani chini. Hakuwa mtu wa kudharau mambo haya. Alikuwa amezika watu wengi na kukaa na wengi wanaokufa. Akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umemwita kwa uongo. Itabidi umtoe kwa ukweli. Kesho jioni tupa viatu, kiti, bakuli, kila kitu. Simama mlangoni mbele ya mashahidi, useme kwa sauti: niko peke yangu humu, hakuna mwanamume, hajawahi kuwepo. Mimi nitaomba."

"Niseme watu wasikie?"

"Wote wasikie."

"Mchungaji, unajua unaniambia nini? Mwanamke aliye peke yake asimame mlangoni atangaze?"

"Najua, dada."

"Hujui. Wewe ni mwanamume."

Mchungaji akaichukua tena sahani yake. Mimi nikaendelea kumwaga takataka.

Kesho yake, jua bado likiwa juu ya vilima, Verlene aliyachukua mabuti kwa kitambaa kama mtu anayebeba panya, akayatupa kwenye pipa kubwa la taka. Akakunja kiti. Akatupa bakuli. Mchungaji akamwambia, "Simama hapo hapo kingazini, nikuletee mashahidi," akaelekea viwanja vya mbele. Mimi nilikuwa nafagia jivu kwenye jiko la kuchomea nyama la jirani, nimeinama, nasoma Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo.

Ndipo ikaingia pikapu nyeupe, haivuti nyumba yoyote nyuma. Ilipita mbele ya kiwanja namba kumi na tisa polepole, ikazunguka, ikarudi. Ikasimama. Akashuka mwanamume wa makamo, amenyoa vizuri, kofia mkononi.

"Habari za jioni, mama. Natafuta pa kulala. Hapa pametulia?"

"Ofisi iko kule mbele," Verlene akasema.

"Nimeiona." Hakuitazama. Alikuwa anatazama komeo za mlango, kisha mahali palipokuwa na kiti, ambapo changarawe ilikuwa bado na alama za miguu ya kile kiti. Akasogea hatua moja. "Gari zuri. Uko peke yako humu?"

Neno lilikuwa mdomoni mwa Verlene. Jioni ile nzima alikuwa amelifanyia mazoezi, ndilo neno hilo hilo alilotakiwa kulisema: niko peke yangu. Nilimwona anafungua mdomo. Nikajinyoosha na ufagio wangu, nikataka kupiga kelele, nimwambie yule mtu kwamba mimi nipo, nimwambie Verlene sema, sema tu, mimi nipo. Ulimi ukawa mzito. Huo ni mzigo wangu wa pili.

"Hapana," Verlene akasema. "Mume wangu yuko ndani."

Gari likainama nyuma yake.

Mtu akakohoa ndani, kikohozi cha mzee anayeamka usingizini. Kisha sauti nene, ya upole, ikasema, "Verlene, nani huyo?"

"Samahani, mzee," yule mwanamume akajibu haraka, akarudi kinyumenyume hadi kwenye pikapu, akaondoka, vumbi likabaki limesimama. Kama alikuwa mwovu au msafiri tu aliyechoka, Mungu ndiye ajuaye. Sikumwona tena.

Mchungaji akafika na watu sita, vikombe vyao vya kahawa mkononi, wanacheka, hawajui walichoitiwa. Alipouona uso wa Verlene akaja hadi kingazini.

"Sema, dada. Tuko hapa."

"Siwezi," akanong'ona. "Amenijibia."

"Sema hivyo hivyo."

Akavuta pumzi. Machozi yakaanza. Naamini angesema, namuapia Mungu, nadhani safari hii angesema. Lakini mlango nyuma yake ukafunguka kiasi cha upana wa kiganja, giza likaonekana, na ile sauti ya upole ikawaambia wote, "Karibuni, jamani."

Wale wazee wakafurahi! "Walt! Hatimaye!" mmoja akasema. "Tunakusikia kila siku, hatukuoni!" Mwingine akainua kikombe: "Alhamisi uje, bwana, mkeo asikufiche!" Na kila mmoja wao, kwa zamu, kwa adabu ya watu wazima, akamsalimia kwa jina. Mashahidi sita, walioitwa kuushuhudia ukweli, wakaushuhudia uongo. Mchungaji Stokke alisimama katikati yao, Biblia imefungwa mkononi, midomo inatikisika.

Baadaye, watu walipotawanyika, Verlene akamshika. "Mfukuze basi. Wewe ni mtu wa Mungu."

"Nimejaribu, dada. Nimeanza sala mara tatu." Mzee yule alikuwa analia. "Nitamtoaje mgeni, na kambi nzima imemkaribisha?"

Alfajiri Verlene akachomoa umeme na mpira wa maji, akaondoka bila kuaga. Mabuti aliyaacha kwenye pipa. Kuyaacha hakukusaidia kitu. Alimsimulia Mchungaji kwa simu kwamba kabla hajafika hata barabara kuu, ile kengele ya mkanda, inayolia mtu akikaa kiti cha abiria bila kujifunga, ikaanza kulia, na kiti kilikuwa kitupu, na aliendesha nayo ikilia maili kumi, maili ishirini, jasho likimtoka kwenye baridi, akiomba Mungu iwe ni waya tu umekatika, iwe ni waya, waya tu, mpaka mlio ukakatika wenyewe, ghafla, na akasikia kile kibano kidogo cha mkanda kikijifunga, tiki, kama mtu mstaarabu aliyekumbuka kujifunga.

Siku kumi na moja alitanga. Alilala Roswell, alilala Clovis, alilala nyuma ya kanisa moja Texas. Kila kambi alikofika, mwenye ofisi alichungulia nyuma yake, akaandika wageni wawili. Tangi lilijaa kila siku ya nne. Alijaribu kusema ule ukweli, mara nyingi, kwenye ofisi, kwa wapita njia: niko peke yangu. Watu wakatabasamu, wakatazama juu ya bega lake, wakadhani ni mzaha wa mke na mume.

Sasa angeweza kulikubali lile la Joleen. Gari liuzwe, chumba cha nyuma, yaishe. Ndilo alilokuwa akilitamani usiku na mchana. Lakini wajukuu wawili wangetoka mbio kumlaki, na gari lingeinama upande wa mlango kabla yeye hajashuka. Kwa hiyo asubuhi ya siku ya kumi na mbili akaegesha mahali pa kupumzikia, upande wa Oklahoma, jua kali, familia zinakula mikate kwenye meza za mawe, akapiga simu kumwambia binti yake kwamba haji.

"Mama! Mko wapi?"

"Joleen, nisikilize. Sitakuja kwako. Si msimu huu, si mwaka ujao."

Joleen akacheka, kicheko cha mtu aliyepewa habari njema. "Aibu ya nini? Ameshaniambia yote."

"Nani?"

"Walt. Alinipigia jana asubuhi kwa simu yako, wewe ukiwa unaoga. Sauti yake nzuri, mama! Nilikuwa sijui umepata mtu. Sikufichi, nililia. Kila siku nalala nawaza uko peke yako huko porini."

"Joleen. Hakuna mtu. Niko peke yangu. Niko peke yangu, mwanangu, nakuapia."

"Haya, endelea na utani wako. Anasema ndivyo ulivyo." Sufuria ikasikika inafunikwa. "Mimi nimemwambia hii nyumba ni yake kama ilivyo yako. Aje wakati wowote, hata wewe ukichelewa. Watoto wamefurahi mno kupata babu."

Hapo gari likainama upande wa mlango. Likabaki hivyo kidogo. Kisha likainuka, juu zaidi kuliko lilivyokuwa kwa wiki nyingi, jepesi, kama punda aliyetuliwa mzigo. Harufu ikaondoka. Verlene akavuta hewa na ikaingia yote, safi, na katika kifua chake, kabla hajaelewa, kukapita faraja kubwa.

"Ngoja, mama, kengele ya mlango."

"Usifungue. Joleen! Usifungue!"

Joleen alikuwa ameshaiweka simu mezani, kama kawaida yake. Kutoka pale Verlene alipokuwa hadi Kansas ni mwendo wa saa tano. Akasikia nyayo za binti yake zinakwenda. Akasikia kitasa, na watoto wanakimbia, na Joleen anasema kwa sauti ya mwenye nyumba anayempokea mtu wake, "Karibu, karibu ndani! Mama yuko wapi?"

"Msiwe na wasiwasi," ile sauti ya upole ikajibu. "Nimemwacha mahali salama."